Ya Moshi na ya Kimya

Opicho alipoambiwa achague pikipiki, alikunja uso kama mwanamume aliyeambiwa achague mke mbele ya shemeji zake. Zilikuwa mbili, zimeegemezwa ukutani nyuma ya ofisi ya shirika, zote za njia mbovu, zenye matairi ya meno na madigadi yaliyoinuka kama mkia wa jogoo. Moja ingebaki naye, ya kupelekea dawa za chanjo kwenye zahanati za Dandora, Njiru na Ruai. Ya pili ingepigwa mnada. Na kwa vile shirika lilikuwa linahamia ofisi ndogo isiyo na stoo, itakayobaki ingekuwa inalala kwake nyumbani Mbotela. Mkubwa wake alimpa hadi Ijumaa.

Hakuna aliyeona ugumu wake. Burale ndiye hakuuona kabisa, fundi mwenye kibanda kando ya Jogoo Road, aliyezihudumia zote mbili tangu zikiwa na rangi mpya.

"Buda, hapa hakuna mtihani," Burale alisema, akijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Hii ya buluu ni fostroki, injini ya mipigo minne. Ni kama karani wa kanisa. Inakula kidogo, inaongea kidogo. Unaweza kupita nayo dirishani kwa mgonjwa na asigeuke."

"Na hii nyekundu?"

"Tustroki? Mipigo miwili tu, hiyo ni mlevi. Lazima umchanganyie oili kwenye petroli, ukipunja anakufia njiani, ukizidisha anakufukiza kama nyuki. Na kelele yake inafika Makadara kabla yako." Burale alicheka. "Sikatai, kwa matope ni nyepesi, inaruka kama mbuzi. Lakini mvua imeisha. Na wewe, usikasirike, hiyo miguu si ya kuruka tena."

"Kelele yake inafika Makadara," Opicho alirudia.

"Ona huyu. Nimekupa kasoro, unaishika kama sifa."

Angeanzia wapi kumweleza?

Tangu wamzike mkewe Ayuma nyumbani Chwele, alikuwa amezoea kuishi bila kutoa sauti. Si kwa kupenda. Nyumba ya mtu mmoja haina mazungumzo. Kijiko hakigombani na sufuria. Watoto wake, Nafula aliyeko Kitale kwa mumewe, mwingine Mombasa kwa mambo yake, walimkumbuka Krismasi, na si kila Krismasi. Alitoka asubuhi polepole, akarudi jioni polepole, na zile nyumba za kaunsili, ambazo ukuta mmoja hugawanwa na familia mbili, zikamsahau kama zinavyosahau mwiko nyuma ya mlango.

Mvua za El Nino ndizo zilizomwonyesha alivyosahaulika. Malaria ilimwangusha, akalala siku ambazo mpaka leo hajui idadi yake, akinywa maji ya mtungi hadi mtungi ukakauka. Upande wa pili wa ukuta alimsikia jirani yake Kavutha akimbembeleza mwanawe Muindi. Angeweza kugonga. Lakini mwanamume mwenye mvi anagonga ukuta aseme nini? Siku alipopata miguu akatoka na ndoo kwenda mferejini, Kavutha alimpokea kwa bashasha.

"Karibu tena, Baba Nafula. Ushago wanaendeleaje? Umetuletea nini?"

Na Opicho, mtu mzima na akili zake timamu, akajibu, "Hawajambo. Wanawasalimu." Kisha akajikokota hadi sokoni, akanunua ndizi, akampelekea kana kwamba zimetoka Chwele. Kavutha alizisifu sana. Alisema za Nairobi haziwezi kuwa tamu hivyo.

Alicheka aliporudi ndani. Kicheko kilipokwisha, baridi ikamwingia. Angekufa mle ndani, majirani wote wangesema amesafiri, na wangemtakia safari njema.

Alichotaka hakikuwa kikubwa. Alitaka mtu mmoja tu duniani ajue kama ameingia au hajaingia.

Ijumaa akachukua nyekundu. Mkubwa wake alipouliza sababu, alisema ni nyepesi. Burale hakuuliza, alimpa kikombe cha plastiki cha kupimia oili, amekitia alama kwa msumari, kwa huzuni ya mtu anayemkabidhi yatima urithi.

Jioni hiyo Opicho aliingia Mbotela kama harusi iliyopotea njia. Kuku walipanda juu ya mapipa. Watoto walimkimbilia nyuma wakipiga mbinja, na moshi wa buluu ukatua taratibu juu ya nguo zilizoanikwa. Akaiingiza pikipiki ndani, akafunga mlango, akateleka maji ya chai mengi kuliko kawaida, akangoja.

Mtu alikuja, sikatai. Ilikuwa jioni ya tatu au ya nne, na mtu mwenyewe alikuwa Kavutha, mtoto begani.

"Baba Nafula, hiyo ni pikipiki ama mashine ya kusaga posho?"

"Karibu ndani kwanza. Kuna chai."

"Sitaki chai. Muindi akishalala tu, wewe ndio huyo unapita. Nguo zake zinanuka kama stovu. Jana nimezifua mara mbili, na maji yenyewe unajua yanavyotoka."

"Pole sana, mama."

"Pole haimlazi mtoto," Kavutha alisema, akaenda zake.

Opicho alibaki mlangoni na kikombe cha pili mkononi. Alitaka kusikika, sasa amesikika, na aliyemsikia amemgeuzia mgongo. Alimwaga chai nje, akaosha vikombe vyote viwili ingawa kimoja hakikuguswa.

Kesho yake alizima injini alipofika Jogoo Road, akashuka, akaanza kusukuma. Nyepesi ni nyepesi ukiwa juu yake. Hadi alipofika kwenye nyumba zao shati lilikuwa limemganda mgongoni, na alikuwa amemkumbuka mara nyingi yule karani wa kanisa, ambaye wakati huo alikuwa ameshapata mnunuzi. Akainua gurudumu juu ya kizingiti bila kugusa mlango. Hakuna kuku aliyegeuka. Akasonga ugali wa mtu mmoja, akakaanga sukuma wiki, akakaa kula.

Nyuma ya ukuta mtoto alikuwa analia. Alilia akanyamaza, akalia tena. Kisha mlango wa Opicho ukagongwa.

"Kumbe uko," Kavutha alisema. Alikuwa na Muindi begani, macho ya mtoto mekundu, ya mama yake zaidi.

"Niko."

"Umeingia saa ngapi?"

"Kitambo kidogo. Niliisukuma kutoka barabarani, nisimwamshe."

"Uliisukuma." Kavutha alimtazama kama anayetazama mtu aliyevaa viatu kichwani. "Mimi nimekaa na huyu tangu taa ziwashwe. Najiambia, nikimlaza sasa Baba Nafula atapita, ataamka, nianze upya. Wacha apite kwanza. Hupiti. Mboga imeungua, hupiti. Nikaanza kuwaza labda lori limekugonga huko Njiru, na nani atatuambia?"

Opicho alimeza tonge lililokuwa bado mdomoni.

"Si ni wewe uliyesema inasumbua," alijaribu.

"Inasumbua. Nani amekataa? Lakini sikukuambia uingie kama mwizi. Ukija, uje tujue umekuja, halafu watu walale."

Alimhamisha mtoto bega la pili. Macho yake yalipita ndani, juu ya pikipiki nyekundu iliyojaa nusu ya chumba, juu ya sahani moja na kigoda kimoja.

"Kesho unaingia saa ngapi?"

"Kesho nina Ruai. Nitachelewa kidogo."

"Kidogo ni lini?"

"Saa moja na nusu."

"Saa moja na nusu. Isizidi, nataka kupika," Kavutha alisema, akaondoka bila kuaga.

Opicho alirudi kwenye ugali wake, uliokuwa umepoa na kufanya ngozi. Alisikia kitanda cha jirani kikilia, kisha mtoto akanyamaza, kisha nyumba ikawa kimya kama zamani. Akala peke yake, bila haraka, akiipanga njia ya kesho kichwani: aanze na Ruai asubuhi jua likiwa dogo, Njiru aipitie wakati wa kurudi, na yule muuguzi wa Dandora anayependa hadithi ndefu amwombe radhi mapema.