Gundi Haijashika

...kwa sababu ukiachia sasa ubao utanyanyuka pembeni kama sikio la mbuzi na kazi yote ya asubuhi itakwenda na maji, kwa hiyo haachii, ng'o, vidole gumba viwili juu ya sitaha, vingine chini ya ukingo wa boti hii ndogo ya kuchezea, hata pua ikiwasha iwashe tu, vibanio vya nguo vimeisha, vyote vimebana upande wa kushoto, na upande wa kulia kibanio ni yeye mwenyewe, mzee mzima, fundi wa lifti mstaafu, amegeuka kibanio... na ndiyo wakati gani huu wa mlango wa mbele kufunguka kwa ufunguo? Funguo za nyumba hii ni mbili tu, mmoja uko mfukoni mwake na mwingine anao binti yake, ambaye Jumamosi huwa hana nafasi, ambaye hupiga simu hata akiwa amefika kona, na leo, leo hii hii, ameingia bila hodi, viatu ko ko ko koridoni mpaka jikoni, na jikoni yuko mwalimu wa udereva anaosha brashi ya vanishi, tena amejifunga aproni iliyokuwa ikining'inia nyuma ya mlango tangu enzi za marehemu mama wa binti, ee Mungu wangu. "Habari yako," sauti ya binti. Habari yako! Mtoto aliyefundishwa kumwamkia hata mlinzi wa geti, leo mbele ya mtu mzima shikamoo ameisahau, anasema habari yako kama anavyowaambia wapishi, maana yeye ni mkaguzi wa majiko ya mahoteli, wapishi wenye vitambi wakimwona mlangoni wanaanza kupanguza meza ambazo ni safi. "Nzuri, mwanangu, karibu," sauti ya mwalimu, pole pole, ile anayotumia na wanafunzi walioshika usukani mara ya kwanza, halafu bomba likafunguliwa, maji yakafunika yaliyobaki... Nenda huko, jiunge nao, ungekuwa mwanaume ungekwenda, lakini gundi, gundi haijashika, na moyoni kuna kasauti kanasema afadhali, ichelewe tu, ichelewe mpaka jioni, mpaka wote wawili waondoke. Aibu. Boti yenyewe anaiona karibu na pua yake, haijapakwa rangi, harufu ya mbao na msasa, mataruma yake membamba kama mbavu za samaki, boti ya kizamani hii, kibanda kirefu na bomba la moshi la uongo, mchoro wake mwalimu aliukuta kwenye sanduku la kaka yake, karatasi ya manjano iliyokunjwa mpaka ikachanika kwenye mikunjo, ya zamani zile boti za namna hii zikiendeshwa kwa injini ndogo ya mafuta inayolia kama nyuki kwenye chupa, na mwalimu akasema, "Bwana Lifti, mimi nimepigiwa kelele na injini maisha yangu yote, tuweke umeme," basi wakaweka umeme, mota kutoka kwenye mashine ya kutobolea iliyokufa, betri mbili, pangaboi la shaba chini ya maji, rimoti mkononi, na siku walipoijaribu ile mota hapa mezani ikazunguka kimya, vuuu, mwalimu akapiga makofi kama msichana, na yeye akajikuta anamtazama mwalimu badala ya mota... "...tangu lini?" Hiyo ni ya binti, imepenya maji. Tangu lini nini? Tangu lini unaosha brashi kwenye sinki la chakula, au tangu lini wewe na baba? Miaka yote ya kazi alikaa juu ya paa la lifti akisikiliza maisha ya watu vipande vipande, ghorofa ya tatu mume anaanza kuomba radhi, ghorofa ya nne wameshashuka, hujui kama alisamehewa, akajifunza kujazia mwenyewe, na kila mara alijazia kwa ubaya, marehemu alikuwa akimcheka, wewe kila lifti yako inaanguka. Tangu lini. Tangu mvua za mwisho, mwanangu, na baba yako kila ulipopiga simu alikwambia, nipo na mwenzangu wa boti, amekuja na mbao, ananichekesha huyo, ana akili, na hakusema uongo hata neno moja, lugha yetu ina huruma, yeye ni yeye tu, mwenzangu ni mwenzangu, unaweza kumficha mwanamke mzima na viatu vyake ndani ya neno moja, na binti huko kwenye simu akamjengea mwenzangu huyo kitambi na upara, akawa anasema msalimie huyo mzee wako, mwambie apunguze chumvi, na yeye anapeleka salamu hizo kama zilivyo, na mwalimu anacheka mpaka anakaa chini... mpaka juzi hakucheka. Alifuta mikono, akasema, "Sasa mimi nitakuwa mzee mwenye upara mpaka lini?" Yeye akasema gundi inahitaji kukorogwa.

Lakini mtu atamwambiaje? Mtoto yule tangu mazishi ndiye amekuwa mwenye nyumba, anakuja, anafungua friji, ananusa maziwa, anapanga makopo, siku ile alimshika bega akamwambia, baba, usiwaze, mimi nipo, na sasa umwambie nini, kwamba kuwepo kwako hakukutosha? Kwenye lifti kila kinachopanda kuna uzito unaoshuka upande wa pili, ndivyo ilivyo, hakuna ujanja, na usiku akilala anaona kamba ile, huyu akipanda, yule anashuka, marehemu anashuka, binti anashuka... Bomba limefungwa. "Hiyo aproni," binti anasema, wazi kabisa sasa, na vidole gumba vinakuwa vyeupe juu ya ubao, punguza, punguza, utaupasua. "Samahani, mwanangu, niliikuta tu mlangoni, ngoja niivue." "Hapana... siyo hivyo. Umeifunga vibaya. Kamba ni ndefu, inazungushwa mara mbili, mama alikuwa... hebu geuka." Geuka? Amesema geuka? Anasikia kitambaa kikivutwa, anasikia mwalimu akiguna, huyo mtoto anafunga vitu kwa nguvu, alikuwa anafunga kamba za viatu vyake mpaka vidole vinakufa ganzi, halafu mwalimu, ambaye hajui kukaa na siri hata ya zawadi, anasema, "Mimi ndiye niliyeizamisha boti ya baba yako. Ile ya kwanza. Pale bwawani." Ah, basi. Basi tumekwisha. "WEWE?" "Nilikuwa na haki ya njia." "Baba aliniambia ni kipofu mmoja!" "Kipofu?" "Kipofu jeuri, alisema, asiyejua kulia wala kushoto!" Na yeye hapa anafumba macho, kweli alisema, alikuwa na hasira, boti yake ilikuwa imepigwa ubavuni na kiboti chekundu kinachokwenda kasi kama kimeiba, ikazama mbele ya macho yake na mwenye kiboti akaja, sketi ameikunja mpaka magotini, akaingia majini mwenyewe na kuitoa kwenye matope na kumpa mkononi ikichuruzika, akasema, "Ungepiga honi," na yeye akafungua kinywa amtukane na badala yake akacheka, mara ya kwanza tangu... na kule jikoni sasa kuna mlio, anautegea sikio, ni mtu analia? Ni binti, anaujua mlio ule, unaanza kama kikohozi, unapanda, unakatika, hapana, halii, anacheka, anacheka kile kicheko chake cha kukoroma kama mama yake, "Na umeniambia miaka thelathini unafundisha watu kuendesha!" "Thelathini na moja, na sijawahi kugonga hata kuku!" na sasa wanakoroma wote wawili, vikombe vinagongana, na yeye ubao uko chini ya vidole vyake na ghafla anakumbuka walipoijaribu boti kwenye beseni la kufulia, betri zikiwa nyuma, ikakaa kama mbwa anayeomba mfupa, pua juu, akasema lazima tupunguze kitu, na mwalimu akasema usitoe kitu, sogeza, wakazisogeza betri katikati, boti ikashuka kidogo, ikatulia, ikabeba vyote, mjinga wewe, maisha yako yote umeishi na kamba na vyuma, hiki hapa si lifti, hakuna anayeshuka... "Baba!" Anashtuka. "Baba! Tunakuuliza... huyu..." na mlango mwingine unapigwa na upepo, sentensi inakatika katikati, lakini safari hii hajazii kwa ubaya, hangoji ghorofa ya nne, anainua shingo, vidole palepale, anapiga kelele ukutani kama mtu anayeita teksi: "Ni mchumba wangu! Sijamuuliza bado, lakini nataka kumuoa, na nilikuficha, mwanangu, nisamehe, si kwamba hukunitosha, unanitosha, na yeye nampenda, basi!" Huko kijiko kimeanguka sakafuni. Halafu sauti ya binti, polepole: "Baba... tulikuwa tunauliza kama huyu mama akuletee chai." Huyu mama. Amesema mama. Masikio yake yanawaka moto, uso mzima, na bado hawezi kujifuta hata jasho. "Ndiyo," anasikia mwalimu akisema. Ndiyo ipi sasa? "Ndiyo ya chai," anauliza, "au ndiyo ya..." "Zote mbili! Na ushike ubao wako!" na binti, hapo hapo, kwa sauti ya kazini, "Shikamoo, mama, samahani nilipoingia sikukuamkia," na "marahaba, mwanangu, marahaba," na mtu anapenga kamasi, na yeye ameinama juu ya boti, kicheko kinampanda tumboni na lazima akizuie kisifike mikononi, mabega yatulie, vidole vitulie, anacheka kwa masikio, kwa nyayo, machozi yanadondoka kwenye mbao na anajisemea hayadhuru kitu, vanishi itafunika, na wewe gundi, tafadhali, fanya haraka, kauka, kauka sasa, kuna watu wananisubiri huko...