Pua ya Kuazima

Krrr-tik. Krrr-tik. Sauti ilitoka nyuma ya mlango uliofungwa, na dada yangu akasimama katikati ya korido ya hospitali kama mtu aliyekanyaga msumari.

"Kuna mutu ananoa panga mule," alisema.

"Hapana, yaya. Ni mashine."

"Niko najua sauti ya panga, Guelord."

Plamedi ni yaya yangu, dada mkubwa, na sauti hiyo aliijua kuliko mimi.

Miezi saba kabla ya siku ile, mwanzoni mwa 2021, alitoka Bambu kwa mama yetu ili aje kunitazama Bunia. Barabara ile ilikuwa na barieri mbili, kamba zilizofungwa mti kwa mti na kulindwa na vijana wenye mapanga. Iliyo karibu na mashimo ya dhahabu ilikuwa ya vijana wa kabila la mama. Iliyo karibu na Bunia ilikuwa ya vijana wa kabila la baba. Watu wa makabila haya wameoana tangu zamani, na ukikusanya watoto wao sokoni huwezi kuwatenga. Lakini vita vilirudi, na vita vinataka kila uso uwe na alama.

Dada alikuwa na pua ya mama, pana na fupi. Barieri ya kwanza aliivuka bila neno. Kwenye ya pili kijana mmoja alimwinua kidevu kwa ubapa wa panga. Dada akataja jina la baba, jina la babu, jina la kilima walikozikwa.

"Jina linadanganya," kijana alisema. "Pua haidanganyi."

Akaikata. Kisha akamwambia kwa upole, kama anayempa mtu ruhusa: "Enda sasa. Hauna tena kabila."

Mlango ulifunguliwa na Hippolyte, fundi wa mashine, mzaliwa wa kijiji cha Shari, mwenye mdomo usiopumzika.

"Karibuni, familia ya pua! Mama Plamedi, usiogope. Hii haikati mutu. Hii inashona plastiki."

Na kweli, mashine ilikuwa kisanduku tu juu ya meza. Ndani yake sindano ya moto ilikwenda na kurudi, ikiyeyusha uzi mweupe na kuulaza tabaka juu ya tabaka. Kando yake ulikuwa umekaa uso wa dada yangu. Walikuwa wameuchukua kutoka kwenye picha za skana na kuuchapa mzima: paji, mashavu, na katikati lile shimo. Nilitazama dirishani.

Daktari Kavira, mpasuaji aliyetoka Butembo kwa siku chache, alituketisha. Alizungumza polepole, akielekeza kwa kalamu. Atachukua gegedu kutoka ubavuni, alichonge kufuata pua ya plastiki. Kisha atapima ngozi ya paji la uso ya kutosha kuifunika pua hiyohiyo, aikate ngozi hiyo, aigeuze chini. Baada ya wiki tatu atarudi kukata daraja la ngozi litakalokuwa limeunganisha paji na pua.

"Ndiyo maana nataka umbo lililo sahihi kabla sijashika kisu," alisema. "Kesho saa moja asubuhi tunaingia. Gegedu likishachongwa, silirudishi."

Hippolyte alitoa pua mashinani, akaikwangua kingo, akaibandika juu ya shimo la uso mweupe. Ilikaa vizuri. Ilikuwa ndefu, nyembamba, imenyooka. Ilikuwa yangu.

Nieleze. Wiki iliyotangulia Hippolyte aliomba picha ya dada ya zamani. Nilimwambia hakuna, nyumba ya Bambu iliungua na kila kitu. "Basi tutaazima," alisema, maana hivyo ndivyo alivyofanya kwa wote waliokuja bila picha: aliazima pua ya ndugu wa karibu. Alinikalisha kwenye kiti, akanizunguka na kamera yake. "Usicheke, kijana. Ukicheka, yaya yako atapata pua inayocheka." Nilikaa kama mfalme. Nina pua ya baba, na tangu shuleni niliringa nayo. Siku ile nilijiambia: kijana wa barieri alisema pua haidanganyi. Vema. Nitaifundisha kudanganya.

Dada aliuchukua ule uso mikononi. Aliigusa pua kwa kidole kimoja, kuanzia juu hadi chini.

"Hii ni ya Baba."

"Ni nzuri, yaya," nilisema. "Na hii, hakuna mutu wa barieri yao atakugusa tena. Hakuna!"

"Na barieri ya Mama?"

Aliuinua ule uso mbele ya macho yangu.

"Mama iko peke yake kule. Nitamufikia aje na pua hii?"

Mama alikuwa amepiga simu siku nne kabla, baada ya kupanda kilima kutafuta rezo, mtandao wa simu. Vijana wa kabila lake mwenyewe walikuwa wameanza kumuuliza bwana wake alikuwa mutu wa wapi. Asubuhi moja aliamka akakuta msalaba wa mkaa mlangoni mwa kibanda alichohamia baada ya nyumba kuungua. Aliufuta. Kesho yake ukarudi. "Msije," alisema, na rezo ikakatika. Tangu hapo simu yake ilikuwa kimya.

Dada aliweka ule uso mapajani, juu ya kikwembe chake, kitenge cha kujifunga. Ni kikwembe kilekile alichovaa siku ya barieri. Damu ilitoka baada ya kufuliwa mara tatu. Vidole vyake vilianza kutembea kwenye upindo, inchi kwa inchi, kama mtu anayetafuta chawa. Vikasimama.

"Nani alifua kikwembe hiki?"

"Mimi."

"Mama anashonaka na uzi mwekundu," alisema. "Hapa iko mweusi. Na mishono ya ovyo, ya mwanaume."

Hippolyte alisogeza kiti chake karibu.

Kule kwetu, mtu akisafiri, karte yake ya uchaguzi, kadi ya mpiga kura, hushonwa ndani ya upindo wa kikwembe, kwa sababu karte inataja ulikozaliwa, na jina la mahali linaweza kukuua. Mama alimshonea dada karte yake. Nami nilipofua niliufumua upindo nikaitoa. Ilikuwa na picha.

"Iko wapi, Guelord?"

Nilikuwa nayo kwenye soksi. Sikuwa nimethubutu kuiacha nyumbani. Nilivua kiatu mbele yao wote, mimi mwenye kuringa, nikampa. Picha ilikuwa ndogo kama ukucha, nyeusi na nyeupe, lakini pale alikuwepo, mzima, amekasirikia kamera.

"Ulisema hakuna picha," Daktari Kavira alisema.

"Nilitaka aishi!" Nilipaza sauti. "Pua ile ilimletea panga. Nimurudishie tena? Nimupeleke tena barieri na alama ileile?"

"Nyamaza kwanza," dada alisema, wala hakupandisha sauti. "Yule kijana alisema sina kabila. Alinikata mara moja. Na weye, siku unakaa kwenye kile kiti, ulifanya nini?"

Niliinama kuvaa kiatu changu.

Daktari aliinua karte kwenye mwanga. "Ni ndogo, ila upana unaonekana, na mifupa itanieleza yaliyobaki. Hippolyte?"

"Kuchora upya, masaa mawili. Kuchapa, masaa matatu na nusu. Uzi unatosha pua moja, na jenereta ina mafuta ya kufika jioni." Alinitazama. "Moja tu."

"Basi mwenye uso aseme," alisema daktari. "Si ndugu yake."

Dada hakusita. "Ile yangu. Ya Mama."

"Na barieri ya Baba?" niliuliza. "Watakuua, yaya."

"Wanaweza. Na ile ya kwako, wangeniua upande ule. Hakuna pua ya kuvuka zote mbili, Guelord. Lakini Mama atafungua mlango kwa uso anaoujua."

Hippolyte aliketi mbele ya kompyuta. Alasiri mashine ilianza tena. Krrr-tik. Krrr-tik. Dada hakushtuka mara hii. Aliitazama sindano bila kupepesa. Aliyeshtuka ni mimi. Nilihesabu: wiki tatu za daraja la ngozi, mwezi wa kupona, na kila asubuhi mkaa ule mlangoni kwa Mama. Ile pua yangu nyeupe ilikuwa bado mezani, na hakuna aliyeihitaji.

Niliiokota nikaitia mfukoni. Kisha nikamshika dada mkono, mbele ya daktari na fundi, ili wasikie na wao.

"Yaya, sikia. Siku utapona, tutaenda siye wawili. Barieri ya Baba nitatangulia mimi, na uso wangu utasema kwa ajili yako. Ya Mama utatangulia weye, na mimi nitakuja nyuma, kichwa chini, mdomo umefungwa, nitafanya tu kile utasema. Na sitarudi Bunia bila Mama na bila weye. Nimesema."