Daftari la Wageni wa Mama Leonia

Oswald, afisa biashara aliyehamishiwa Kigoma kutoka Songea, hakuwa mtu wa kubembelezwa. Kazi yake ilikuwa kukagua nyumba zinazolaza wageni wa siku mbili tatu, na tayari alikuwa ameshafunga tatu. Ya nne ilikuwa ya Mama Leonia wa Ujiji, mjane mwenye vyumba viwili vya wageni, na hivyo vyumba ndivyo vilivyokuwa vinamlisha.

Sharti lilijulikana: kila mgeni aandikwe jina na namba ya kitambulisho siku anayofika. Oswald akafungua daftari, akachoka mwenyewe. “Hali pilipili.” “Mwalimu wa uji bila sukari.” “Kalala usiku mmoja, kaosha vyombo.” Wageni kumi na tisa, jina hata la dawa hakuna! Mama akamweleza, wala haoni haya, kwamba kwao Waha mgeni haulizwi jina kabla hajala, na akishakula mmeshazoeana, unaanzaje kumhoji? Oswald akampa siku saba. Zikipita, ni kufuli.

Jamani, mama yule alihangaika. Na magoti yake mabovu alipanda boti Kibirizi mpaka Mwamgongo kumfuata yule mwalimu. Akaenda Kidahwe kwa bwana asiyekula pilipili. Waliokuwa mbali akawapigia simu, nao wakatuma picha za vitambulisho huku wakimuulizia magoti yake.

Siku ya saba alifika ofisini kabla mlango haujafunguliwa. Oswald akahesabu majina kumi na manane. Mbele ya yule aliyeosha vyombo palikuwa peupe; simu yake haikupatikana tena.

“Mama, ungejaza jina lolote tu. Mimi ningejuaje?”

“Akirudi nimwite nani, mwanangu?” Kisha akaweka ufunguo wa nyumba mezani, kwa kuwa makubaliano ni makubaliano.

Oswald aliona aibu, akamheshimu mama huyo kuliko mtu yeyote aliyekutana naye tangu aajiriwe. Akazichukua kanuni akazisoma upya, safari hii akitafuta pa kufungulia. Akapaona kwenye ukurasa wa mwisho: mwenye nyumba akitaja kasoro yake mwenyewe, apewe onyo la maandishi, kazi iendelee.

Akaandika onyo, akagonga muhuri, akasimama na kumrudishia ufunguo kwa mikono miwili.