Jicho la Nedialka

Kwa miaka sita jicho la kushoto la Nedialka lilibubujika machozi, na kijiji kizima kilijua sababu: anamlilia marehemu mumewe, Gancho. Kumbe mfereji wa machozi ulikuwa umeziba. Nedialka hakumsahihisha mtu, maana kila jioni jirani yake Tsonka alisukuma lango bila kubisha, akaweka mkate mezani na kusema, "Bado tu unalia, shoga? Haya, nikae kidogo." Nyumba nyingine za njia ile zilikuwa zimefungwa, wenyewe wako Uhispania, wanachuma matunda ya watu.

Mwishowe kona ya jicho ikavimba, ikatunga usaha. Mjini, daktari alimtoboa kitundu katika mfupa ulio kati ya jicho na pua, machozi yapate pa kupitia. Alipomkagua baadaye, alisukuma maji ya chumvi kwenye kona ya jicho kwa sindano butu.

"Unaonja nini, mama?"

"Chumvi. Kooni."

"Basi njia iko wazi! Umemaliza kulia."

Daktari alicheka kwa furaha. Nedialka aliingiwa na baridi.

Alirudi na uso mkavu. Tsonka alimshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga. "Mungu mkubwa. Gancho amekuachia upumzike."

Jioni ile Tsonka hakuja. Wala iliyofuata. Nedialka aliandaa vikombe viwili, kisha akarudisha kimoja kabatini. Aliinama mbele ya kioo akiliomba jicho livuje japo tone. Halikuvuja.

Vuli ikaingia, na moshi wa pilipili hoho zinazochomwa kwa akiba ya majira ya baridi ukapanda kutoka uani kwa Tsonka. Miaka yote hiyo Nedialka alikuwa mtu wa kujiwa. Hakuwahi kuvuka lango la mwenzake bila kuitwa. Safari hii alivuka.

Tsonka alikuwa ameliinamia jiko, macho mekundu, kamasi zikimchuruzika.

"Kafa nani?" Nedialka aliuliza.

"Moshi huu! Wewe ulikuwa unatulilia sote, sasa umeniachia zamu." Tsonka alijipangusa kwa kiwiko. "Umekuja kuazima nini?"

"Sikuja kuazima." Nedialka alisogea karibu. "Tsonka, sikuwa namlilia Gancho. Jicho lilikuwa limeziba tu. Nilinyamaza ili uwe unakuja."

Tsonka alibaki na koleo hewani.

"Na mikate yangu yote ile!"

"Ndiyo."

"Na mimi nikasema, amepona, nimwache mtu wa watu apumue! Huna mdomo wewe?"

Pilipili moja ikaanza kuungua. Tsonka akaiopoa, akaitupia kwenye beseni, kisha akasukuma kigoda kwa mguu hadi karibu na magoti ya mwenzake.

"Menya. Na ukiniachia ngozi hata moja, utanitambua."

Nedialka akaketi, akamenya. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa, ila kooni, taratibu, chumvi ilikuwa inashuka.