Namba Chini ya Kisigino

Kazi ya kuandika namba inataka mkono usiotetemeka, kwa hiyo Mwandiko aliifanya asubuhi kabla ya chai. Jumanne moja alikipindua kigoda cha miguu mitatu juu ya meza ya ghala, akakifuta vumbi kwa brashi laini, akapaka tone la vanishi mahali ambapo wageni hawaoni, akangoja likauke, kisha akaandika kwa wino mweusi: 2717. Juu yake akapaka vanishi tena. Wenzake walimpa jina la Mwandiko kwa sababu ya saba zake. Alizikata katikati kwa kamstari, akazivutia mkia kidogo upande wa kushoto, kama alivyofundishwa na baba yake, mchoraji wa mabango. Katika jumba zima la makumbusho hakuna aliyeweza kuziiga.

Kigoda kilitoka katika makasha yaliyokaa miaka thelathini bila kufunguliwa. Ndani ya kasha la kwanza Mwandiko alikuta karatasi ya ofisa aliyekusanya vitu hivyo. Iliandikwa kwamba vimechukuliwa majumbani kule bondeni, wenyewe wakiwa wamekwisha kupakiwa kwenye malori kupisha bwawa. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti la kazi. Kwenye daftari la usajili, katika safu ya namna kitu kilivyopatikana, aliandika "zawadi", kama alivyoagizwa. Roho ilimsuta, lakini vitu vilikuwa mia nne na Mkurugenzi alivitaka vyote kabla ya mwaka kwisha.

Alhamisi alasiri alikuja bibi mmoja, kandambili mkononi, akamwambia mlinzi kwamba anamtaka mtu wa namba. Mwandiko alimwamkia. Bibi aliitikia, akaketi kwenye benchi la mapokezi, akainua mguu wa kushoto. Chini ya kisigino palikuwa na 2717, nyeusi, iking'aa kwa vanishi. Alieleza kwamba aliiona Jumanne alipokuwa akioga, akaisugua kwa jiwe mpaka kisigino kikawa laini kama cha mtoto mchanga, namba ikabaki palepale. Yeye hajui kusoma. Mkwewe ndiye aliyemsomea, akamwambia kwamba namba za namna hii huandikwa makumbusho, na mkwewe huyo, ukimwondolea maneno mengi, ni mtu wa kuaminika.

"Huu ni mkono wako?" aliuliza.

Mwandiko alizitazama saba. "Ni wangu, bibi."

"Umeandika vizuri. Sasa niambie, nimekuwa mali ya nani?"

Mwandiko akaenda kuchukua dawa ya kufutia wino. Alifuta kwa pamba tatu, zote zikatoka nyeupe. Akaona heri ampeleke ghalani akakione kigoda. Bibi alikitambua kabla hajafika mezani. Marehemu mumewe alikichonga mwezi aliozaliwa mtoto wao wa kwanza, na lile doa jeusi ukingoni ni yeye mwenyewe alipoweka sufuria ya moto, wakagombana siku mbili. Alitaka kukikalia. Mwandiko akamweleza, huku akiona aibu, kwamba vitu vya mkusanyo havikaliwi. Bibi akakaa sakafuni kando yake.

Shida ilianza saa kumi na moja, bibi alipotaka kwenda zake. Mlinzi alikuwa na kazi ya kuangalia namba katika kila kinachotoka, akamwomba ainue miguu. Alipoiona alisema kwa heshima zote kwamba chenye namba hakitoki. Hakuwa na ubaya. Aliwahi kumzuia Mkurugenzi mwenyewe asitoke na kiti chenye namba.

Mwandiko akapanda ghorofani. Mkurugenzi, aliyekuwa anavaa koti aende nyumbani, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama namba haijachubuka. Mwandiko alisema haijachubuka. Akasema pia kwamba dawa ni moja tu: kufuta "zawadi", kuandika "kilichukuliwa", na kumrudishia mwenyewe kigoda chake. Akaitoa karatasi mfukoni, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi mkono wake ulitetemeka.

Mkurugenzi aliisoma akiwa amesimama. "Tukikitoa hiki, vile vingine tutabaki navyo kwa sababu gani?" Akamrudishia karatasi. "Hii ni ya zamani, usiiache mfukoni, itaharibika. Ipe namba."

Mwandiko alishuka ngazi akiyatafuta maneno ambayo angemjibu. Yalimjia alipofika chini. Hakurudi juu. Karatasi ikawa 2725, hali yake nzuri, na katika safu ya namna ilivyopatikana akaandika "zawadi".

Bibi asingeweza kulala ghalani, maana baridi ya mle ni ya kutunzia mbao na ngozi. Mwandiko akajaza fomu ya kuazima. Kitu kinachoazimwa: bibi. Mwazimaji: bibi huyohuyo. Sababu: kulala kwake. Hali ya kitu: magoti yamechoka, jicho la kulia lina ukungu, sehemu nyingine nzima. Muda: wiki moja. Bibi akaweka dole gumba. Mlinzi akaisoma fomu yote, pande mbili, akafungua lango.

Tangu hapo bibi alijirudisha kila Alhamisi. Mwandiko alimkagua kisigino, akampeleka ghalani, akageukia rafu nyingine ili asione mkono wa bibi ukilipapasa lile doa jeusi, maana kushika nako kulikatazwa. Kisha walijaza fomu mpya.

Alhamisi ya nne bibi hakukaa sakafuni.

"Nje nina wenzangu, mwanangu," alisema. "Yule mmoja ni wa mtungi, yule aliyeegemea ukuta ni wa mlango, hao wengine watakueleza wenyewe. Wanamtafuta mwenye saba hizi. Nimewaambia si mtu mbaya."

Mwandiko alimshukuru. Alitoa nakala za fomu, akaleta mabenchi, akawakagua visigino mmoja mmoja mpaka lango likafungwa. Wengi walimwamkia kwa upole, na mmoja alimsifia mwandiko.

Kesho yake, kabla ya chai, alichukua kibuyu cha kunyweshea mtoto, akakifuta vumbi, akapaka vanishi, akangoja. Mkono haukutetemeka. Akaandika 2777, saba tatu zilizonyooka, bila kamstari wala mkia, saba za mtu yeyote. Hazikumpendeza hata kidogo. Akazipuliza zikauke, akavuta kitu kilichofuata.