Namba Isiyotulia

Mhakiki wa jarida aliniomba jambo dogo: nirudie hesabu yangu kwa wavu wenye matundu madogo zaidi. Katika kazi yetu, ukuta wa bwawa hugawanywa kwenye kompyuta vipande vipande, mithili ya wavu, na ukizidi kuvifanya vidogo vipande hivyo, jibu hutakiwa kutulia. Miaka kumi na tisa iliyopita, nilipoandika tasnifu ya uzamivu, mashine ya idara haikumudu zaidi ya wavu mmoja. Nilipata mkazo, yaani nguvu inayolielemea zege, katika pembe ya ndani, pale ukuta unapokutana na msingi, nao ukalingana na kipimo cha maabara. Juu ya namba hiyo nilijenga makala kumi na moja na ombi la uprofesa, ambalo kamati ingelijadili Ijumaa.

Jumanne asubuhi nikarudia. Arobaini na moja, kama zamani. Nikapunguza matundu kwa nusu: hamsini na sita. Nusu tena: sabini na saba.

"Wifi, mbona kimya kama umemeza kidonge bila maji?" aliuliza mke wa kaka yangu, ambaye dawati lake limetazamana na langu.

Nikamwonyesha. Nilikuwa nimechora pembe kali kuliko zege lolote duniani, na katika pembe ya namna hiyo mkazo hauna kikomo. Hupanda kadiri unavyoisogelea. Ni kosa ninalowaonya wanafunzi wa mwaka wa tatu.

"Na ile arobaini na moja?"

"Nilipima ukubwa wa matundu yangu tu. Kulingana na kipimo cha maabara ilikuwa bahati."

Aliinuka akafunga mlango. "Funika kombe mwanaharamu apite. Ijumaa ikishapita utaandika masahihisho. Kaka yako ameshashona suti ya sherehe, na kwa lile tumbo, mwakani haitamwingia."

Tulicheka, kisha hatukucheka tena.

"Wanafunzi wangu wanne wa uzamivu walianzia kwenye namba hiyo," nikasema. "Nao sasa wana wanafunzi wao."

Wifi akakaa.

Katika ofisi ya mkuu wa kitivo, karani alipekua droo mbili. "Fomu ya kuwasilisha ombi ipo, Mwalimu. Ya kuliondoa hatujawahi kuwa nayo." Akanipa karatasi tupu. Niliandika mistari mitatu, nikatia saini. Alipogonga muhuri aliniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia sijambo.

Niliporudi ofisini nilimpigia simu mwanafunzi wangu wa kwanza, ambaye sasa ni mhadhiri katika chuo kingine.

"Mama! Hongera za mapema! Huku nimeshawatangazia, Ijumaa tunapata profesa."

Nyuma yake nilisikia viti vikiburutwa na watu wakicheka.

"Uko darasani?"

"Ndiyo, Mama. Ndiyo kwanza ninawaanzishia ile mbinu yetu."

"Waruhusu watoke kwanza," nikasema. "Halafu unipigie."