Gari Lililonguruma Kwenye Simu Tu

Nawaandikia nyinyi wenye gari nyumbani ambalo halitembei. Sisemi gari bovu. Gari bovu halina shida, kila mtu anajua ni bovu, kuku wanataga humo na maisha yanaendelea. Nasema gari zima, lililofunikwa turubai, lile ambalo mwenyewe akipita analipapasa kama ng'ombe wa maziwa. Hilo ndilo litakalokuua kwa aibu, na aibu ikishindwa, kwa presha.

Mimi nimesoma mpaka darasa la saba na injini siijui. Lakini fundi siku hizi namjua, na uongo naujua zaidi, kwa hiyo nisikilizeni.

Mume wangu alipata kazi ya mkataba mbali, mwaka na nusu. Siku ya kuondoka alinikumbatia mimi mara moja, gari mara mbili. Akaniachia agizo moja: kila Ijumaa mchana niliwashe, lingurume robo saa, kisha nilizime. Sikuambiwa nilale salama wala nile vizuri. Niliambiwa robo saa. Na kwa kuwa ananijua, akaongeza kwamba kila Ijumaa atapiga simu alisikie kwa masikio yake.

Ijumaa tatu za mwanzo nilitii. Nilikaa kwenye kiti cha dereva, mimi ambaye sijawahi kuendesha hata toroli, nikawasha, nikaushika usukani kwa mikono miwili ingawa gari halikuwa linaelekea popote. Kabla ya Ijumaa ya nne, mama mmoja kwenye foleni ya maji akanisimulia kwamba moshi wa gari ukiingia ndani huua watu usingizini, hawakohoi hata mara moja. Banda letu la gari limeshikana na chumba ninacholala. Nikasema, nife mimi kwa robo saa ya mtu aliye mbali? Siwashi tena.

Ikabaki simu. Ijumaa hiyo mume wangu alipopiga, jirani yetu seremala alikuwa amewasha jenereta lake. Ni zee, linakohoa na kunguruma. Sikupanga. Mkono wenyewe uliinyoosha simu juu ya ukuta. Mume wangu akasikiliza kimya, kama anasikiliza taarifa ya habari, kisha akasema hapo safi, hiyo ndiyo injini yake. Akaniambia nipunguze mafuta kidogo. Nikarudi nyuma hatua tatu. Akasema, umesikia sasa ilivyotulia?

Miezi minane, ndugu zangu. Miezi minane mume wangu alilipenda jenereta la mtu. Ijumaa ambayo seremala hakuliwasha, nilisema mtandao ni mbovu. Kuna siku alilisifu kwamba limekuwa laini kuliko zamani, na kweli, seremala alikuwa amebadilisha oili.

Ningeendelea hivyo mpaka mkataba uishe, lakini binti yangu akaja kujifungulia kwangu. Mkwe wangu ni dereva wa lori la masafa marefu, mwezi huo alikuwa njiani, basi binti akaja na begi lake na tumbo lake. Mimba ya kwanza. Kliniki walituambia mtoto amekaa matako chini, hajageuka, na huenda mama akahitaji upasuaji. Uchungu ukianza tu, walisema, msikae kungoja, mleteni.

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu kuzaliwa. Paka wa jirani akipiga chafya, silali. Lakini kuhusu usafiri sikuwa na wasiwasi hata chembe, na hapo ndipo shetani alipokuwa amekaa, amekunja nne. Dereva wa teksi wa mtaani alikuja mwenyewe kuniuliza kama nitamhitaji ili ajiweke tayari. Nikamwambia nyumba hii ina gari, na seremala ana leseni, ataliendesha. Nikamwonyesha na turubai. Uongo ukiusema Ijumaa baada ya Ijumaa, mwisho wewe mwenyewe unakuwa wa kwanza kuuamini.

Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, binti akaanza kuumwa, siku tisa kabla ya tarehe. Aliniambia saa kumi na mbili. Alisema alitaka nipate usingizi kidogo kabla ya kuchanganyikiwa.

Nikamwita seremala. Akavua turubai, akaingia, akazungusha ufunguo. Taa zake za mbele zikafumbua macho nusu, na gari likasema tak. Akazungusha tena. Tak. Mara ya tatu halikusema neno, kama mtu aliyekwisha kueleza msimamo wake.

Nikampigia yule wa teksi. Alikuwa amepeleka abiria mji mwingine, kurudi mchana. Akaniuliza kwa adabu kabisa kama lile gari la turubai limepata safari nyingine.

Ndipo seremala akaenda kumleta fundi wa magari wa barabara ya pili, ambaye mtaa mzima unamwita Dakika Kumi, kwa kuwa kwake hakuna kazi inayozidi hapo. Aliwahi kukaa na gari la mtu miezi mitatu, na kila siku zilikuwa zimebaki dakika kumi. Akafika na mfuko wake wa spana, akafungua boneti, akafunika pua kwa harufu, kisha akaniuliza swali moja.

"Mama, hili limewaka lini mara ya mwisho?"

Mlango wa kweli ulikuwa wazi, hata pazia halikuwepo. Ningesema miezi minane, ningeona haya mbele ya seremala, yakaisha.

"Ijumaa," nikasema.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nilidhani wanasema uchi wa mwili. Kumbe hata fundi unamvulia. Gari lililowaka Ijumaa haliwezi kuwa na betri iliyokufa Jumanne, wala petroli iliyochacha. Kwa hiyo Dakika Kumi aliiacha betri, akaliacha tangi, akasema hiyo tak ni staata, ile mota inayoianzisha injini izunguke. Akalala chini ya gari. Sauti ikatoka huko chini: dakika kumi.

Binti alikuwa anatembea uani, mkono kiunoni, uchungu ukija anashika ukuta na kuhema. Kila dakika saba. Halafu sita. Mimi namwambia avumilie, fundi anamalizia. Nilimpelekea fundi kitambaa. Nilimpelekea spana aliyoiomba, ikawa siyo, akanisihi nikakae. Na huu ndio ubaya wenyewe wa haya ninayoandika: nilijua. Nilijua anafungua kitu kizima, na bado nikawa najiambia labda na staata nayo imekufa, Mungu hukutanisha mambo. Mtu mwoga akisema uongo hujificha ndani yake kama kwenye handaki, hata kama mvua inaingia.

Saa mbili na nusu mume wangu akapiga, maana binti alikuwa amemtumia ujumbe. Mikono ya fundi ilikuwa na grisi, nikaweka sauti kubwa ili wazungumze. Dakika Kumi akamweleza kuhusu staata. Mume wangu akaunga mkono papo hapo. Alisema betri haina tatizo, Ijumaa amelisikia gari kwa masikio yake, lilinguruma kama simba. Uongo wangu ukapata shahidi, tena mtu mzima asiyejulikana kwa kusema uongo. Wakapatana vizuri sana, mmoja chini ya gari na mwingine mbali. Akaongeza kwamba alisikia na kimlio fulani cha pembeni, kama kitu kinapasua mbao, akadhani ni mkanda wa injini unalegea.

Seremala akaniangalia. Mimi nikaangalia mawingu.

Staata ikatoka. Dakika Kumi akaiunganisha na betri ile ile ya gari ili aijaribu, haikutikisika. Akatangaza kwamba imekufa kabisa. Anakwenda mjini kutafuta nyingine, na muda aliosema atatumia mnaujua wenyewe.

Wakati anafuta mikono, binti akashika nguzo ya banda, na maji yakamwagika sakafuni. Chupa imepasuka. Hakulia. Alitazama maji, akanitazama mimi, kama mtoto anayengoja mama aseme sasa tunafanyaje.

"Halijawaka Ijumaa," nikasema. "Lina miezi minane halijawaka."

Fundi akabaki na ile staata mikononi kama mwanamume aliyepakatishwa mtoto asiye wake. Simu ilikuwa bado iko hewani.

"Sasa mimi nilikuwa nasikiliza nini?" mume wangu akauliza.

"Jenereta la seremala."

"Ijumaa zote?"

"Ya juzi ilikuwa na randa pia."

"Ule ni msumeno, mama," seremala akasema. "Randa ina mlio wake."

Niwamalizie habari za gari hapa hapa lisitusumbue tena. Baadaye Dakika Kumi alikuta betri imekwisha na petroli inanuka kama rangi. Kwenye boksi la filta ya hewa panya walikuwa wamejenga ukoo wao kwa soksi za mume wangu. Staata ilikuwa nzima tangu mwanzo, ilikosa umeme tu. Aliniambia, bila ukali, kwamba angejua ni miezi minane angeanza na betri, angeazima ya jirani, akamwaga petroli ya zamani, na kabla ya saa mbili tungekuwa tumejua kama linatoka au halitoki. Nami nikamwambia kwamba fundi mwenye akili huipima betri hata kama mke wa mwenye gari ameapa. Tukaachana hapo, kila mtu na lake. Nyinyi mlio na gari lililolala, kama hamliendeshi, litoeni waya wa betri, na akija mtu kuwauliza limelala tangu lini, mwambieni mwezi na tarehe.

Binti hakungoja mazungumzo ya msumeno. Alichukua begi lake.

"Mama, kwa hiyo mimi nilikuwa nasubiri nini?"

Akatoka getini kwa miguu yake, gauni limelowa, mimi nyuma yake na simu mkononi, ndani ya simu mume anauliza nani anaendesha. Dukani kwa jirani kulikuwa na gari la mikate linashusha kreti. Dereva wake alianza kueleza kwamba mikate ya watu inangojwa sehemu nne. Binti akafungua mlango wa mbele, akapanda, akapitisha mkanda chini ya tumbo, akamwambia aendeshe. Yule kijana mkubwa mwenye ndevu akaendesha. Mimi nilipanda nyuma, nikasimama katikati ya kreti, nimeshika chuma kwa mkono mmoja na mkate wa mtu kwa mwingine. Kila tuta nililitolea sala.

Hospitali wakamlaza kitandani, na muuguzi akaja na karatasi. Akaniuliza uchungu umeanza saa ngapi.

Niliiona saa mbili ikija mdomoni yenyewe, imeshavaa na viatu. Saa mbili ni saa nzuri. Ukisema saa mbili, wewe ni mama aliyekimbia. Ukisema saa kumi na moja, na sasa ni saa tatu na nusu, wewe ni mama wa namna gani?

"Saa kumi na moja alfajiri," nikasema. "Chupa imepasuka saa tatu kasoro robo. Na mtoto amekaa matako chini. Tumechelewa kwa sababu yangu."

Aliandika yote isipokuwa la mwisho. Akatazama saa ya ukutani, akaongeza mwendo, akamwita daktari kwa jina lake bila kutanguliza neno daktari. Haikupita nusu saa binti akaingizwa chumba cha upasuaji.

Nikakaa kwenye benchi, nanuka mkate. Mume wangu alipiga mara tatu, mara ya tatu nikapokea. Hatukutaja gari. Nilimwambia wamemwingiza, basi, na baada ya hapo hakuna aliyekata. Alikuwa anasikiliza korido: viatu vya wauguzi, mlango unaogongagonga, mimi napenga kamasi. Yalikuwa ndiyo hayo, sikuwa na kingine cha kumsikilizisha.

Saa tano kasoro muuguzi akatoka na kifurushi cheupe. Mtoto wa kike, mzima, ana hasira. Mama yake yuko salama, bado amelala kwa dawa. Akanipakatisha, akanirekebisha kiwiko kana kwamba sijawahi kuzaa, kisha akanisifu. Alisema daktari aliharakisha kwa sababu ya zile saa nilizotaja, maana mtoto alikuwa ameanza kuchoka.

"Wazazi wengi hupunguza ili wasigombezwe," akasema. "Afadhali wewe mama, ni mtu wa kweli."

Nikamshukuru. Nikatazama kule binti yangu alikolala, nikamwomba muuguzi asiwe na haraka ya kumwamsha.